Unene wa Kidole Gumba

Mashine ilifika Pasua juu ya guta,
imefungwa kwa kitenge, shingo imelala pembeni,
kama mgonjwa anayekimbizwa KCMC.
Mbonea akaishusha kwa pumzi moja:
"Fundi, farasi kumi na tano. Boti iko Lang'ata.
Nifungie tu."

Tu.
Nimekosa usingizi mara nyingi kwa sababu ya hiyo tu.

Mimi ni mtu wa mashine za kumenya kahawa,
za Kibosho, zenye kutu na heshima.
Najua pampu za mpunga kule Mabogini,
ipi inavuta, ipi inadanganya.
Boti nilikuwa nimeiona kwenye kalenda ya benki.
Sikumwambia.

Tukaitumbukiza mkia kwenye pipa la bluu.
Elirehema akavuta kamba, mara tatu, mara nne,
ikakohoa, ikakubali,
moshi ndani ya Moshi, majirani wakafunga madirisha.
Tukapeana mikono.
Ndani ya pipa kila mashine ni hodari:
maji hayana pa kwenda.

Jumamosi, Nyumba ya Mungu.
Bwawa limetulia, visiki vya miti iliyozama
vimetoa vichwa kuangalia nani kaja.
Nikaining'iniza kwenye ubao wa tezi, nikakaza jiliwa,
nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua,
"Twende."

Tukaenda, kama mtu anayeburuta kabati.
Pua juu, tezi imezama hadi mabegani,
maji yanaruka nyuma na kunipiga kisogoni,
na chini, propela inachimba tope
kana kwamba imeagizwa kupanda mpunga.
Mbonea hakusema kitu. Alikamua shati lake
polepole sana.

Imekaa chini mno, nikasema.
Nilikuja na vipande viwili vya mgrivea
(nani huenda ziwani na mbao? Mwoga huenda nazo).
Nikavipachika vyote viwili juu ya tezi,
nikairudisha mashine juu yake.

Ikalia!
Mlio wa kupasua sikio, kasi yote iko hewani,
na boti imesimama palepale,
ndege mweupe juu ya kisiki hakuhama hata hatua.
Propela ilikuwa inakula hewa,
na hewa haishibishi, haisukumi.
Nilizima. Nikasikia aibu yangu ikitua majini.

Ndipo nikakumbuka pimamaji.
Miaka yote nimelitaja jina hilo, chombo cha waashi,
cha kupimia kuta na vizingiti,
na sijawahi kulipeleka kwenye maji yenyewe.
Tukaivuta boti mchangani.
Nikalala kifudifudi, shavu kwenye kokoto,
nikaegesha pimamaji chini ya mkuku, likatokeza nyuma
hadi kwenye lile bamba bapa lililo juu ya propela,
bamba ambalo siku zote nilidhani ni pambo.

Hapo. Tumbo la boti na bamba hilo
vinatakiwa kutazamana usawa,
si mmoja kumchungulia mwenzake kwa juu.
Tofauti yetu ilikuwa unene wa kidole gumba changu,
hiki chenye kovu la msumeno.

Nikatoa kipande kimoja. Nikaacha kimoja.

Safari hii sauti ilishuka, ikawa nene,
sauti ya mtu aliyepata pa kushika.
Tezi ikainuka kidogo, pua ikalala,
kisiki kikarudi nyuma, na kingine,
na Mbonea akapiga kelele ya kitoto
ambayo baadaye aliikana.

Alinilipa elfu arobaini na perege sita.
Mmoja alikuwa bado anapumua tukipita Mwanga.

Kipande kile cha pili ninacho,
mwaka wa tatu sasa kinazuia mlango wa karakana
upepo wa alasiri usiupige.
Wateja hukipiga teke, huuliza ni cha nini.
Nawaambia ni cha mlango.