Herufi Shilingi Ishirini

Ubao ni mlango wa kabati lililokufa.
Nimeupaka nyeupe mara mbili, umekauka,
na brashi iko mkononi, inangoja kitenzi.

"Andika," asema Nyandega, uzi katikati ya meno,
"Viatu na miavuli vinashonwa hapa.
Viatu ndivyo vilivyotangulia hapa Kibuye,
kabla huyu hajaja na vijiti vyake."

"Inashonwa," asema Perez, wala hainui kichwa.
"Mwezi wa nne huu. Nani anauliza soli?
Tena miavuli ndiyo iliyo karibu na neno."

Kwa Mwalimu Khasiala, Kiingereza hakikuwa na shida:
wawili wakiunganishwa ni wengi, basi,
kitenzi kimoja kinawabeba, hakiulizi ukoo,
chifu na ndoo, mbuzi na huzuni, wote ndani.
Chetu husimama mlangoni:
wewe wa ngeli gani,
na huyu uliyekuja naye?
Vitu vikichanganyika, tulifundishwa, weka vi.
Nilipata tisa kwa kumi. Lililonishinda:
*Mtu na mzigo wake ... mesombwa na mto.*
Hadi leo sijui.

"Basi gawanya," asema Nyandega, amechoka.
"Viatu vinashonwa na miavuli inashonwa."
Perez akacheka hadi mwavuli ukamfungukia magotini.
"Viatu vinashonwa na miavuli!
Na wewe utakuwa unafanya nini?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka hu,
isiyomuuliza mtu kwao wala idadi yake:
jua huchwa, madeni hulipwa,
paka hulala popote.
Nikachora polepole, kwa nyekundu,

VIATU NA MIAVULI HUSHONWA HAPA

na Nyandega akahesabu kwa ncha ya shazia:
herufi nane mahali pa kumi,
arobaini imebaki mfukoni. Akaridhika.

Perez alikuwa bado anautazama ubao.
Chini palibaki nafasi, kiasi cha kiganja.
"Na jina la fundi?"
"Nyandega ni nane," nikasema. "Mia na sitini."
"Langu?"
"Tano."

Akafungua fundo la leso, akatoa noti ya mia,
akainyoosha juu ya paja.
"Liandike. Peke yake.
Hilo halina wa kupatana naye."

Nyandega aliuma uzi, ukakatika.