Ovaroli ya Ludomir

Ijumaa, nyuzi kumi chini ya sifuri,
baba akaingia na midomo ya buluu.
Baridi, mama akasema. Akamsogezea kiti penye jiko,
akamkaangia vitunguu, akammiminia bia.
Mimi, mwenye miaka saba, nikacheka:
"Baba ameiba forosadi!"

Forosadi zatoka wapi Januari?

Bia ndiyo iliyomwangusha.
Hilo alikuja kuniambia Sista Zenobia wa zahanati ya kiwanda,
aliyezoea kutazama kucha za watu kabla ya nyuso:
anilini na pombe ni mashemeji,
wakikutana damuni hawagombani,
wanakugawana.

Wakamtoa damu. Ikatoka rangi ya kahawa,
ile nzito, ya matangani.
Pumzi anavuta, alisema sista,
ila damu inabeba debe tupu.

Hakuinywa. Hata tone.
Vali ya nne ilivuja, begani, kisha kwenye buti,
akafuta kwa kitambaa, akaendelea.
Glavu zilikuwapo:
jozi moja, watu sita,
na bango ukutani, USALAMA NI WAJIBU WAKO.

Siku ya tatu akarudi zamu.
Mama akaifua ovaroli beseni moja na soksi zangu.
Maji yakawa chai ya rangi,
yakanuka samaki aliyelala.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Nilidhani wahenga walimsema rafiki mnafiki.
Walisema nguo.

Mto Bzura ulipita mwekundu Jumatatu, kijani Alhamisi.
Ndiyo iliyokuwa kalenda yetu.

Miaka ishirini na mitatu.
Asubuhi moja chooni akaniita mimi, si mama,
akanionyesha:
nyekundu safi, kama ya bendera za Mei Mosi,
ile isiyochuja hata ifuliwe mara mia.
"Yaelekea," akasema, "ni ile tuliyoitengeneza."

Kibofu.
Wanne wa zamu ile ile.
Wa tano alikataa kupimwa.

Ovaroli ingali msumarini, chini ghalani,
kiwiko kimekakamaa kana kwamba kuna mkono.
Siitupi. Siifui.

Wanangu wakitoka kwenye theluji na midomo ya buluu
nawasogeza jikoni, natazama saa.
Dakika tano. Nane.
Wananiuliza, mama, unahesabu nini?
Rangi inarudi, kidogo kidogo, kuanzia katikati.

Ni baridi tu, nawaambia.
Ilikuwa baridi tu.