Bei ya Mwenyeji

Chengo ametuma picha tatu kutoka Doha
na ujumbe mfupi: Mama, chagua hoteli.
Siku tatu, malipo ni yangu.
Usitazame bei.

Nimevaa miwani. Niko barazani, Mtopanga,
ungo wa mbaazi magotini,
na mjukuu wangu Umazi ananifundisha
kuitanua picha kwa vidole viwili.

Ya kwanza iko Nyali. Bwawa la buluu lenye umbo la figo,
mnazi umeinama kama uliolipwa kuinama.
Mimi natanua kitanda.
Miaka ishirini na sita nimepiga pasi
shuka za watu nisiowajua majina.
Niliwajua kwa madoa:
huyu alikula embe amelala,
huyu alilia na wanja machoni,
hawa wawili walilala mbalimbali, kila mtu na ukingo wake.
Basi naitazama pembe ya shuka, nayo imekunjwa mbiombio,
mkono wa mtu mwenye vyumba ishirini kabla ya saa sita.
Hapo wafanyakazi hawatoshi.
Pita, Umazi.

Ya pili, Bamburi. Maji yamefika ngazini.
"Nzuri hii, Nyanya!"
Nzuri, lakini picha haisemi saa.
Maji ya bamvua yakipwa hapo
bahari inakwenda zake hadi mwambani,
inakuachia mwani na nzi,
na mgeni aliyelipia chumba cha kutazama bahari
anatazama mahali bahari ilipokuwa.
Nimewasikia wakimfokea meneja
kana kwamba mwezi nao
umeajiriwa na hoteli.

Ya tatu haijafunguka vizuri, nimeshaijua.
Shanzu. Mvinje miwili, ukuta wa matumbawe.
Lango hilo la mbele lenye maua sikuwahi kulipita.
Letu lilikuwa nyuma, kando ya mapipa,
pale Ndoro mlinzi alipotupekua mikoba kila jioni,
uso ameugeuza pembeni kwa haya.
Siku moja akakuta kipande cha keki
nimekifunga kwa karatasi. Kilikuwa cha Chengo,
alikuwa anatimiza miaka saba.
Nikakatwa mshahara wa siku mbili.
Ndoro hakunila salamu tena hadi alipostaafu.
Nadhani aliona aibu kuliko mimi.

Nimepiga simu mwenyewe.
Binti wa mapokezi ameanza kwa Kiingereza,
kisha Kiswahili cha kukunjwa kama taulo:
"Bei ya mgeni, mama, au bei ya mwenyeji?"
Mwenyeji.
"Basi utakuja na kitambulisho, utuhakikishie."
Nitakuja nacho. Nina na alama ya pasi hapa mkononi,
nikitaka kuhakikisha zaidi.
"Chumba cha kutazama bahari au bustani?"
Nikauliza: hakuna cha kutazama kamba za dobi?
Akanyamaza. Nikasikia feni yake ikizunguka.
"Hivyo hatuviuzi, mama.
Tunaweka vitu vilivyovunjika."

Haya, bahari basi.

Umazi anataka kujua amwandikie baba yake nini.
Mwandikie: ya tatu.
Si wiki hii, maji yanapwa asubuhi,
aingoje Jumanne ya pili.
Mwandikie kitanda nitakiacha vile nilivyoamkia,
au nitajaribu, kwa maana mikono hii
ina tabia zake.
Mwandikie tena, na usicheke,
nitabeba ule mkoba wangu mkubwa wa kahawia.
Siku ya kuondoka nitachukua kipande cha keki mezani,
nikifunge kwa karatasi,
nipite nacho polepole lango la maua,
nisimame hata, nijifanye kiatu kimelegea,
nione ni nani
atakayesema nifungue.