Pengo la Kabeza

Lenzi ilikuja kwa treni, ndani ya nyasi kavu,
masanduku manne, kila moja na kipande chake cha jua.
Tabora, wakipanga mabehewa usiku,
sanduku la nne likaanguka relini.
Nani alikosea, hakuna aliyeandika.
Kwenye karatasi ya mizigo pana neno moja: pungufu.

Wakajenga hivyo hivyo.
Mwamba wa Kabeza, mwendo wa saa moja kwa kasia kutoka Kibirizi,
ukatobolewa matundu kumi na mawili,
nondo zikasimikwa, risasi ikayeyushwa ikamiminwa,
kisha mawe na chokaa,
vidato sitini na vitatu vinavyokuzungusha hadi usahau Ujiji iko upande gani.
Juu kabisa lenzi ikaelea kwenye beseni la zebaki,
nzito kama ng'ombe wawili,
na kidole cha mtoto kingeisukuma.
Upande wa nne walipigilia bati.

Sadoki Bilantanye alipandisha uzito wa mtambo
kila baada ya saa tatu, miaka thelathini na mmoja.
Daftari lake ninalo.
"Mafuta chupa mbili. Ukungu. Nimepandisha."
"Mafuta chupa mbili. Nimepandisha."
Na ukurasa mmoja, mwandiko unatetemeka:
"Mnyororo umekatika. Nimezungusha kwa mkono mpaka alfajiri.
Nilikuwa nahesabu: moja, mbili, tatu, kimya."

Mimi nilikwenda na paneli, betri,
na taa inayoenea kwenye kikombe cha chai.
Ziwa lilikuwa limepanda, limemeza gati;
tulifunga boti kwenye kitasa cha mlango.
Siku mbili nikamaliza, nikajisifu:
sasa inamulika mara nne, kamili, haina ila.

Usiku wa tatu simu ikalia.
Mwajabu Kabwalo, mwenye boti tatu za dagaa.
Hakunisalimu.
"Fundi, hiyo taa ya nani?
Vijana wangu wameikimbia, wako huko karibu na Kongo.
Ya kwetu ina pengo."

Asubuhi nikarudi.
Bisibisi mdomoni, nikafungua kisanduku cha saa,
nikaifundisha taa mpya kunyamaza.
Haikufika dakika kumi.

Usiku nilikaa Kibirizi, juu ya mawe, viatu pembeni:
moja,
mbili,
tatu,

na katika giza lile la nne
boti zikaanza kukata kona.