Tisa kwa Nane

Kiwanda cha korosho hapa Newala hakina mashine tena,
zimebaki bolti nne nne sakafuni, na ukungu
unaoingia bila hodi, kama mkaguzi.
Viti tumeazima kanisani na madrasa.

Ligonja ana dimbila. Mbao sita, anazipiga mbili.
Anahesabu tisa, anarudia tisa, hapambi, hapunguzi.
Nambuta ana kinganga, yeye nane.
Mapigo yaleyale, mwendo uleule,
ila kila mzunguko mmoja amewahi kufika nyumbani
na mwenzake bado yuko njiani.

"Mbona hii ngoma haianzi?" jirani yangu ananiuliza.
Imeanza, bwana. Imeanza mama yangu akiwa msichana,
akibangua hapa, safu ya tatu, karibu na dirisha lile,
akipeleka mizani kilo tisa
na karani akiandika nane.
Moja ya unyevu, alisema. Moja ya maganda.
Moja, siku nyingine, ya hivihivi tu.
Wanawake hawakupiga kelele. Walirudi mezani
wakagonga kwa pamoja: tisa, kimya. Tisa, kimya.
Siku nne.
Msimamizi akapeleka taarifa wilayani
kwamba kuna siasa kwenye nyundo.

Somoe anatokea. Gauni la kazi, khaki, miguu peku.
Hakatiki kiuno; waliofuata sindimba wanatazamana.
Anainua mkono, anaushusha. Anainua, anaushusha.
Dakika kumi.
Halafu kiwiko kinachelewa, kidogo tu,
halafu bega, halafu uti wa mgongo mzima
unaitafuta ile moja
chini ya meza isiyokuwepo, mfukoni, kwapani,
mdomoni mwa mtu aliyekaa mbele.

Nimepiga hesabu mgongoni mwa kadi ya mwaliko:
mara nane za mama ni mara tisa za karani,
sabini na mbili. Hapo tu ndipo wanapokutana,
kijiti na ngozi na kisigino, pa!
na wala hawakai. Wanaachana tena.

Mama hapigi makofi. Viganja kaviweka mapajani,
vyeusi bado kwa mafuta ya maganda,
ncha za vidole laini, hazina alama;
mashine ya vitambulisho ilizikataa mara tatu,
kijana wa ofisini akamwambia, bibi, hebu futa mikono.

Afisa utamaduni anasimama, anashukuru, anauliza
ngoma hii ina ujumbe gani kwa jamii.
Somoe anatweta, jasho linadondokea bolti.
"Ni hesabu," anasema. "Hesabu tu, mheshimiwa."

Nje kwenye ukungu namshika mama mkono.
Hatusemi kitu. Mbwa wa mtu, taa ya pikipiki.
Kidole chake kinagonga kiganjani mwangu
na mimi nahesabu bila kutaka, sita, saba,
nane,
ananiachia ili ajifunge kanga vizuri.