Dakika Saba Juu ya Waya

Kazi yangu ni kufunga mlango na kuufungua.
Kigari changu kinaning'inia kwenye waya juu ya Chiatura,
kutoka chini, penye mto mweusi kwa vumbi la mgodi,
hadi juu, kwenye maghorofa na maktaba.
Dakika saba. Nane, upepo ukivuma.
Watu wanane, au saba na gunia la viazi.

Alhamisi ndiyo siku ya wasomaji.
Nawajua kwa mifuko yao: mizito, yenye pembe.
Bidzina, mchimbaji mstaafu, kifua kinakoroma hata akiwa macho,
hajakaa vizuri, keshaanza:
"Lamara, kile ulichonipa! Kurasa mia mbili za theluji
na hakuna hata mmoja aliyewasha moto!"
Lamara, muuguzi, bado na sare ya zamu ya usiku,
hucheka hadi kigari kiyumbe.
"Uliruka sura ya tisa, wewe. Moto umo humo."
"Sikuruka. Nilisinzia."
"Aliyesinzia na aliyeruka lao moja."

Guranda wa darasa la kumi hasemi sana.
Huchomoa kitabu, akampa mtu, akasema,
"Usianze usiku."
Basi. Na mtu mzima na ndevu zake hukipokea kama dawa.

Mimi nimesimama, mkono kwenye kitasa,
nalitazama bonde kama nisiyesikia.
Lakini nilisikia habari za mwanamke aliyeuza piano ya mumewe
kabla mume hajafa.
Nilisikia za tarishi aliyesoma barua za kijiji kizima,
kisha akaanza kuzijibu.
Halafu kila mara, pale pale penye utamu,
kengele. Tumefika. Fungua, Jumberi.
Naachiwa kichwa; mkia wanashuka nao.
Miaka kumi na minne nimekula vichwa vya hadithi tu,
kama paka wa muuza samaki.

Ndipo Alhamisi moja ya Machi nikavuta breki.
Katikati, hewani, mto chini kama uzi.
"Umeme," nikasema, nikajikuna sikio. "Endeleeni kuongea tu."
Wakaendelea. Tarishi sasa amepata barua
kwa mwandiko wake mwenyewe, na hakuiandika yeye...
Hapo Tsiala, mtunza maktaba, aliyejikunyata pembeni
na kapu lake la mayai, akaniangalia.
Akaiangalia taa ya dari, iliyokuwa inawaka.
"Umeme," akasema.
"Umeme," nikasema.
"Achia breki, mwanangu. Na zamu ikiisha, uje juu.
Uje na kitambulisho."

Maktaba ina jiko moja la kuni na ndoo mbili chini ya dari inayovuja.
Riwaya zimehamishiwa upande mkavu.
Juzuu za historia ya chama ndizo zinazolowa;
hakuna aliyelalamika bado.
Tsiala aliandika jina langu kwa wino, polepole,
kadi ya elfu mbili mia tatu na sita,
akanikabidhi tarishi.

Ukurasa wa kumi na moja, pembeni, kwa penseli:
"Usimwamini shemeji."
Chini yake, mwandiko mwingine: "Mwamini kidogo."
Wa tatu, wa kitoto, umebanwa kwenye kona:
"Nyamazeni, wengine hatujafika huko."
Tsiala hugombeza watu kuhusu penseli.
Ufutio anao mezani, mpya,
pembe zake zote nne bado kali.

Nilichelewa kukirudisha kwa siku tisa.
Na mwisho wenyewe sikuupenda: tarishi angebaki.
Alhamisi nikawaambia hivyo, mlango haujafungwa sawasawa,
na Bidzina akanigonga kifua kwa kidole:
"Abaki? Abaki afanye nini?"
Tukabishana juu ya mto, juu ya mapaa,
Lamara akiingia upande wangu, kisha akitoka.
Kengele ikalia. Tukabishana.
Nje, mwenye gunia la viazi akagonga kioo:
"Jumberi! Mlango!"