Ufa Hauna Namba

Miaka ishirini na miwili nimeketi dirisha la nyuma,
kliniki ya Daktari Ouellette, kaskazini mwa Maine,
mji uliobaki na bomba la moshi lisilotoa moshi
tangu kiwanda cha karatasi kilipofungwa.
Kazi yangu: kugeuza mwili kuwa namba.
Goti lina namba yake. Sindano ina yake.
Picha ya kifua ina mbili: ya kupiga na ya kusoma.
Kikohozi cha Armand Cyr peke yake
kiliyanunua matairi ya theluji ya gari la daktari.
Nasema haya bila chuki; hata mshahara wangu
ulitoka kwenye kifua kilekile.

Lakini siku Armand alipokaa dakika arobaini
akieleza nyumba ilivyo kimya tangu Rejeanne afe,
na daktari akamsikiliza, mkono shavuni,
nilitafuta kitabuni, ukurasa kwa ukurasa.
Kusikiliza hakuna namba.
Nikaandika: shinikizo la damu, kupima.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakuziona ankara zetu.
Sisi tulikuwa waashi, tukilipwa kwa tofali.
Nani angetulipa kwa ufa?

Januari wakaja watu wawili wa bima kutoka Augusta
na karatasi moja, tena fupi:
tangu sasa, kila kichwa, kila mwezi, fungu moja,
aumwe asiumwe, aje asije.
Mkibakisha, tutagawana. Mkizidisha, mzigo ni wenu.
Daktari akaisoma mara tatu. Akavua miwani.
"Odile," akaniambia, "kumbe sasa nitalipwa Armand akiwa mzima."
Akacheka kama mtu aliyekuta pesa katika koti la marehemu.

Wiki ya kwanza hakujua aiweke wapi mikono.
Ya pili akaendesha gari hadi kwa Armand, theluji magotini,
akakuta friji imeharibika, inagandisha kila kitu:
mayai, maziwa, na insulini
tuliyokuwa tukiiongeza dozi mwaka mzima
huku tukishangaa sukari haishuki.
Mara nne helikopta ilimbeba hadi Bangor.
Mara nne niliandika namba ndefu kama treni.
Friji: dola mia mbili na tisini, ya mtumba,
dukani kwa Thurlow.
Tuliinunua. Sikujua niiandike wapi.
Nikaiandika pembeni, kwa kalamu ya risasi.

Helikopta haijarudi.

Ila usinifanye mhubiri.
Machi, Wilda Michaud alipiga simu, kichwa kinamgonga,
nami nikasikia daktari akipiga hesabu kabla ya kujibu,
kimya cha sekunde tatu, nne;
kipimo cha kichwa ni ghali,
na sasa kinatoka mfukoni mwetu.
"Tungoje hadi Jumatatu," akasema.
Jumatatu Wilda akaja, mzima, na keki ya tufaha.
Tulikula. Hakuna aliyemtazama mwenzake.
Zamani pesa iliufanya mkono kuwa mwepesi;
pesa ileile imejifunza kuufanya mzito.
Bado sijaona mizani isiyo na kidole cha mtu.

Namba zimepungua. Mchana napewa simu na orodha:
nani hajachukua dawa, nani ngazi yake imeoza,
nani hajasikika tangu Jumapili.
Leo jioni nilimpigia Armand.
Akasema friji inanguruma usiku kucha,
akasema ni afadhali,
kuna kitu kinapumua humo ndani.
Nilikaa kwenye simu dakika arobaini.
Sikuandika kitu.